Charm ya vitani: hirizi, dawa, haiba, au bahati ya mtende?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mtafsiri kwenye chumba cha habari hapa Dar, mwaka wa pili sasa. Tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23 kila siku napokea habari za mashirika makubwa kuhusu Congo na kuna neno moja la Kiingereza linaninyima usingizi, charm. Mara wapiganaji wamevaa charm, mara kamanda ni mtu wa charm, mara waasi wameanza sijui charm offensive, mara mpiga picha fulani ana charmed life. Kamusi inanipa hirizi na haiba, basi. Juzi nimeandika hirizi mara tatu kwenye habari moja, mhariri akacheka mpaka akaita watu waje waone. Niandike nini?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kwanza usione aibu, mhariri wako acheke tu lakini siku moja muulize yeye alipokuwa kijana alitafsiri nini, maana kila mtu kwenye kazi hii ana lake alilolifukia. Langu nalifukua hapa bure. Ilikuwa Agosti 1998, vita ya pili ya Congo ndo imeanza, mimi niko zamu ya usiku kwenye redio ambayo sitaitaja, habari zinaingia kwa karatasi kwenye ile mashine inayopiga kelele kama cherehani ya fundi mwenye haraka. Kuna habari inamwelezea msemaji mmoja wa waasi pale Goma kwamba ni mtu wa charm kubwa, waandishi wote pale hotelini wanampenda. Saa tisa usiku, macho mazito, chai imeshapoa, nikafungua kamusi nikaandika: "Msemaji huyo, ambaye ana hirizi kubwa..." Na msomaji wetu akaisoma vilevile saa kumi na mbili asubuhi, kwa ile sauti yake nzito ya taarifa za misiba. Haikupita nusu saa simu ikalia, ni msikilizaji Mkongo anayeishi Kigoma, anauliza kwa Kiswahili chao kile kitamu, "Ile hirizi yake iko kubwa namna gani? Anavaaka mu shingo ao mu mukono?"

Na hakuwa anatania, hilo ndo lililonimaliza. Yeye alikuwa na ndugu upande wa kule na kwake hiyo ilikuwa habari ya kijeshi kabisa, kama msemaji wa waasi katoka mbele za watu na hirizi kubwa maana yake kuna mganga nyuma yake, kuna mapigano yanaandaliwa, kuna mtu wa kumpigia simu akimbie. Kwa hiyo mimi sikuwa nimekosea neno tu, nilikuwa nimetangaza tukio ambalo halikuwepo.

Sasa tuingie kwenye swali lako. Hilo neno la Kiingereza lilitoka Kilatini likapitia Kifaransa, na kule mwanzo lilikuwa wimbo, maneno ya kumwimbia mtu mpaka alegee. Yaani asili yake ni kilingeni. Wenzetu wameendelea nalo hivyohivyo, mganga anayeimba, dada anayetabasamu na mbunge anayeomba kura wote wamebaki chini ya mwembe mmoja. Sisi kila mmoja tumempa kiti chake. Tena hata pale kwa mganga peke yake tumegawa mpaka basi: hirizi ni ile iliyoandikwa ikashonewa ndani ya ngozi au kitambaa ikafungwa mwilini, kombe ni yale maandishi ya zafarani yanayooshwa kwenye sahani mtu akanywa, chale ni mikato ya wembe inayopakwa dawa, fingo linafukiwa chini lilinde nyumba au mji, zindiko ni ile kazi nzima ya kuuwekea mji au mwili kinga. Mtu wa Pemba au Tanga ukimwambia vyote hivyo ni kitu kimoja atakuona umekuja mjini jana. Kwa hiyo umaskini haupo kwenye Kiswahili chako, upo kwenye habari uliyoletewa, aliyeiandika aliona kitu shingoni mwa kijana mwenye bunduki na hakuuliza kinaitwaje.

Na kwa mashariki ya Congo mara nyingi jina lake ni dawa. Basi, dawa. Usiongeze "za kienyeji", usiongeze "za kichawi", sema dawa na msomaji wa Bukavu na Kigoma atakuelewa bila kuuliza.

Hili nimefundishwa na mwenye nalo. Miaka ya mwanzo ya elfu mbili nilienda kambi ya Nyarugusu kule Kasulu kutengeneza kipindi kuhusu wakimbizi, nikaletwa kwa bwana mmoja ambaye alikuwa Mayi-Mayi, wale wapiganaji wa Congo wanaojikinga kwa maji ya dawa, huko Fizi kabla ya kuvuka ziwa. Nikanyoosha mkono nimsalimie, akaurudisha wake nyuma, taratibu tu, bila ubaya. Nikajua nimemuudhi. Tukakaa kwenye gogo, nikamuuliza kuhusu hirizi zake za vitani, akasema "Hapana, hirizi ni ya Waislamu, sisi tulikuwa na dawa." Akanionyesha juu kidogo ya kifundo cha mkono, chale sita ndogo zimepangwa mbili mbili, zimekuwa nyeusi kama mbegu za papai. Akaanza kunihesabia masharti kwa vidole: usiibe, usiguse mwanamke, usile chakula usichokijua kimepikwa na nani, usimguse mtu ambaye hajapewa dawa, ukiwa mbele usigeuke nyuma. Alipofika hapo kwenye kugusa ndo nikaelewa ule mkono. Alikuwa ameacha vita miaka mitatu, ana watoto wawili, anauza vocha, lakini mkono ulikuwa bado haujapata taarifa.

Angalia sasa hiyo orodha. Ukiiandika yote kwenye habari yako, charm inapotea na kinachobaki ni sheria za jeshi. Jeshi lisilo na kambi, lisilo na mshahara wala mahakama, linamzuiaje kijana wa miaka kumi na saba mwenye bunduki asipore na asibake? Linamwambia ukifanya hivyo maji yanaisha nguvu na risasi itakupata. Sisemi ilifanya kazi, ripoti za haki za binadamu kuhusu hayo makundi zipo na zinatisha, wengi waliiba na wakabaka na dawa mwilini. Ninachosema ni kwamba mwandishi anayeandika "wanaamini maji yanawakinga na risasi" akaweka nukta hapo, ameandika nusu ya sentensi, na ile nusu aliyoiacha ndo yenye habari.

Kuna mgeni mmoja aliyeiona hiyo nusu ya pili vizuri sana japo ilimkera, naye ni Che Guevara, yule mwanamapinduzi wa Cuba. Aprili 1965 alivuka ziwa Tanganyika kutoka Kigoma na Wacuba wenzake kwenda kuwasaidia waasi wa Congo, na ili kujificha wakajipa majina ya namba za Kiswahili, kamanda Dreke akawa Moja, yeye mwenyewe akawa Tatu. Katika kumbukumbu zake anatumia neno dawa hivyohivyo, hakulitafuta la Kihispania. Anaeleza mpiganaji anavyomwagiwa maji ya majani, anavyopakwa alama ya mkaa kwenye paji la uso, na masharti yake matatu: asiguse kisicho chake, asiguse mwanamke, asiogope. Afu anaeleza kwa nini dawa haishindwi kamwe, akifa mtu ni kwamba aliogopa, au aliiba, au alilala na mwanamke, na aliyekufa hawezi kurudi kujitetea. Che alichukia, alisema siku dawa ikishindwa wapiganaji watawalaumu Wacuba, alitaka watu wachimbe mahandaki wajifiche. Lakini unaona alichofanya kama mwandishi? Kaandika jina la kitu, kaandika kinavyotengenezwa, kaandika masharti, kaandika hoja inavyojilinda, halafu ndo akatoa lawama. Mimi hiyo naifundisha darasani kuliko vitabu vingi vya uandishi wa habari.

Mwaka mmoja kabla yake, 1964, waasi walioitwa Simba walikuwa wameshaingia Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, wakipiga kelele "Mai Mulele!", yaani maji ya Mulele, mmoja wa viongozi wa uasi ule, na kuna sehemu askari wa serikali walitupa silaha wakakimbia kabla risasi haijalia. Hapo charm imefanya kazi kweli, ila imefanya kazi kwa adui. Wale askari wenyewe walikuwa wanaamini maji kuliko hata Simba wenyewe. Hii ni point ambayo waandishi wengi wanaipita, wanauliza tu je maji yanazuia risasi, jibu ni hapana, wanafunga daftari. Wangemuuliza na yule aliyetupa bunduki!

Na kabla ya hapo kuna kwetu, huwezi kuandika maji na vita kwa Kiswahili bila kupita Ngarambe na vita ya Maji Maji. Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji, yale ya mto yaliyochanganywa na mafuta ya mbarika na mtama, Wamatumbi, Wangindo, Wapogoro, Wambunga, mpaka baadaye Wangoni. Julai 1905 watu wakang'oa pamba kule Matumbi, Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro, na tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji wakaiendea boma ya Mahenge wakakutana na bunduki za rashasha. Halafu ikaja njaa, Wajerumani walichoma mashamba na maghala makusudi, na wanahistoria wengi wanahesabu waliokufa kuwa kati ya 200,000 na 300,000. Sasa gavana wa Kijerumani, Götzen, na watu wake walipoeleza chanzo cha vita walipenda sana habari ya waganga na uchawi, na unaelewa kwa nini, ukisema mganga huhitaji kusema pamba. Huhitaji kusema watu walilimishwa kwa kiboko mashamba ya pamba wakalipwa senti chache, wala huhitaji kusema kodi. Watu wamerogwa, basi, yameisha.

Kwa hiyo habari ikija mezani kwako imejaa hirizi na dawa na maji, mimi huwa nasoma nikitafuta pamba iko wapi. Kwenye Congo ya leo pamba yake ni ardhi, ni makaratasi ya uraia, ni madini ya koltani ya Rubaya, ni barabara zenye vizuizi ambapo kila gunia la mkaa linalipiwa. Raia Mutomboki walivyoanza kule Shabunda mwaka 2005 walikuwa na mhubiri mwenye dawa, Jean Musumbu, kweli, lakini walianza kwa sababu FDLR, waasi wa Kihutu kutoka Rwanda, walikuwa wanaua watu na jeshi halikuwepo, na wakajiita raia wenye hasira, hawakujiita wenye dawa. Siku hizi wengi wako chini ya jina la Wazalendo, na wapo ndani yao ambao hawajawahi kuona mganga, wana simu nzuri kuliko yako. Ukikuta habari inawaita wote "wapiganaji wenye hirizi" jua hiyo imekopiwa kutoka habari ya mwaka 1997.

Uganda pia walifanyiwa hivyo. Alice Auma, yule Lakwena, 1986 na 1987 aliongoza maelfu ya wapiganaji kutoka Acholi mpaka karibu na Jinja, amewapaka mafuta ya moo yaa, yale ya mti wa shea, wanaimba nyimbo za dini, wamekatazwa kujificha nyuma ya mti au kichuguu. Magazeti ya nje yakamwita kuhani wa voodoo. Voodoo! Hiyo ni ya Benin na Haiti, Acholi imefikaje? Ni sawa na kumwita sheikh wa Lamu padre. Na kati ya masharti yake ishirini walilolipenda ni lile la kwamba kila mpiganaji awe na korodani mbili, zisizidi zisipungue, limeandikwa na kurudiwa mpaka leo, wakati kwenye orodha hiyohiyo kuna usiibe, usinywe pombe, usivute sigara. Nakubali, na mimi ningelianza na la korodani. Lakini nisingeishia hapo.

Usidhani nawaonea Wazungu, maana wao wenyewe walikuwa nazo tele, kilichokuwa tofauti ni jina tu. Vita ya kwanza ya dunia, London kulikuwa na mfanyakazi mmoja wa benki, Edward Lovett, kazi yake nje ya benki ni kukusanya hirizi za watu wa kawaida, na askari walimpa nyingi sana. Kuna kijidoli kidogo cha chuma chenye kichwa cha mti na vidole gumba vimenyooshwa juu, wake na wachumba wanawanunulia askari wanapoenda Ufaransa, kichwa cha mti kwa sababu kwao kugusa mti ni kuzuia balaa. Kuna ule utando ambao mtoto mmojammoja huzaliwa umemfunika uso, mabaharia waliamini mwenye nao hazami, na nyambizi za Wajerumani zilivyoanza kuzamisha meli bei yake ikapanda pale London kama bei ya sukari mwezi wa Ramadhani. Magazeti yao hayakuandika "jeshi la Uingereza lenye kuamini uchawi lasonga mbele". Waliandika bahati, waliandika kumbukumbu ya nyumbani, waliandika kwa upole, kijana wa watu anaenda kufa aachiwe kidoli chake. Sikatai upole huo. Nataka na yule wa Fizi apewe.

(Na sisi tusijifanye, mechi ya Simba na Yanga mtu anamwaga kitu golini usiku, magazeti yetu yanaandika "kamati ya ufundi". Tunajua sana kuchagua neno la heshima tukitaka.)

Kabla sijatoka Ulaya nikupe na hii kwa sababu inahusu kazi yetu moja kwa moja. Agosti 1914 Waingereza walipigana na Wajerumani pale Mons, Ubelgiji, wakarudi nyuma wakiwa wamechoka kabisa. Tarehe 29 Septemba gazeti la Evening News la London likachapa hadithi fupi ya Arthur Machen, hadithi ya kutunga, kwamba askari mmoja aliomba msaada na wapiga mishale wa kale wakatokea wakawaangusha Wajerumani. Basi wasomaji wakaichukua, majarida ya makanisa yakaomba ruhusa ya kuirudia, wapiga mishale wakageuka malaika, na kufika 1915 kila mtu alikuwa ana shangazi ambaye anamjua nesi aliyemuuguza askari aliyewaona. Machen akasimama akasema jamani nimetunga mimi, niko hapa. Hawakumsikiliza. Hiyo pia ni charm mdogo wangu, tena haina mganga wala ngozi wala mkaa, imetengenezwa kwa wino wa gazeti, na kwa Kiswahili hiyo ningeiita uzushi uliopendwa.

Turudi kwa huyo kamanda wako mwenye charm. Haiba ni neno zuri na liko sahihi, haina tabu, ila angalia linakupeleka wapi. Haiba kwetu ni sifa, ina heshima ndani yake, mtu mwenye haiba anaingia chumbani watu wanakaa vizuri. Ukimwambia msikilizaji fulani ana haiba umeshampa kura nusu. Mwaka 2008 nilikuwa napokea habari za Laurent Nkunda, kamanda wa waasi wa Kivu, karibu kila siku na zote zina haiba: fimbo yake, beji yake ya waasi kwa ajili ya Kristo, anavyoruka kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza kwenda Kiswahili, anavyowakaribisha waandishi kwake mlimani Masisi na kuongea taratibu kama mwalimu wa chuo. Zilikuwa tamu kutafsiri, nakiri, unajikuta na wewe unachagua maneno mazuri. Halafu Desemba mwaka huohuo Human Rights Watch wakaripoti kwamba wapiganaji wake waliua watu, wengi wao raia, pale Kiwanja tarehe 4 na 5 Novemba, jumla ya waliouawa siku hizo mbili si chini ya 150. Nikarudi kwenye zile karatasi za nyuma nikahesabu ni mara ngapi nimeandika haiba. Sikwambii idadi.

Tangu hapo haiba naiandika kama kuna mtu anayeisema. "Waandishi waliomtembelea wanasema ana haiba" ni tofauti na "ana haiba". Au naeleza tu alichofanya: alicheka, alimimina chai mwenyewe, alijibu maswali matatu akakwepa la nne. Msikilizaji ataamua mwenyewe kama hiyo ni haiba au ni ujanja. Na usisahau Kiswahili kina maneno ya upande wa giza wa jambo hilohilo, mtu ana ulimi wa asali, mtu mjanja wa maneno, anajua kukuweka mfukoni. Mwenye habari ya Kiingereza alitumia charm kwa sababu linabeba sifa na onyo kwa pamoja, wewe itabidi uchague, na ukichagua umeshachukua upande, ndo hivyo, hakuna kukwepa.

Ile charm offensive ni rahisi, haihitaji maneno mengi. Nimeona watu wanaandika "mashambulizi ya haiba", naomba kwa jina la Mungu usiandike hivyo, msikilizaji wa Goma akisikia mashambulizi atalala chini ya kitanda. Andika wanajikosha, wanajipendekeza kwa raia, wanabembeleza, kulingana na uzito wa habari. Mfano, tarehe 6 Februari 2025, siku chache tu baada ya kuchukua Goma, M23 na mshirika wao wa kisiasa Corneille Nangaa waliwakusanya watu uwanja wa Unité kwa hotuba na ahadi, huku benki za mji zimefungwa na uwanja wa ndege umefungwa. Kiingereza kinakwambia charm offensive, wewe unasema "waliitisha mkutano uwanjani kutafuta kukubalika, wakati mtu wa kawaida hawezi kutoa pesa yake benki". Imeeleweka, na hukuhitaji neno lenyewe hata kidogo.

Bado ya mwisho, charmed life, nayo nina ugomvi nayo wa zamani. Tafsiri si shida: bahati ya mtende, ana nyota kali, roho ya paka, chagua. Shida ni habari yenyewe. Mohamed Amin, Mo wetu wa Nairobi, yule aliyepiga picha za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 dunia nzima ikalia, ameandikwa hivyo mara nyingi sana, kwamba alikuwa na maisha ya bahati vitani. Alifungwa jela Zanzibar miaka ya sitini akatoka. Juni 1991 ghala la silaha likalipuka Addis Ababa, akapoteza mkono wa kushoto, akawekewa wa bandia, akarudi kubeba kamera. Ni kweli inashangaza. Lakini kwenye mlipuko uleule fundi wake wa sauti, John Mathai, alikufa. Sasa ukisema Mo alikuwa na bahati ya mtende, Mathai alikuwa na nini? Neno hilo lina nafasi ya mtu mmoja tu, na yule aliyeshika maiki anaachwa nje ya sentensi. Ni hoja ileile ya dawa kama ya yule mganga wa Che, aliyepona alikuwa na kitu, aliyekufa sijui alikosea sharti gani. Na Mo mwenyewe alikufa Novemba 1996 kwenye ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaangukia baharini Comoro, na wenye kuandika wakasema bahati yake iliisha, kana kwamba ilikuwa vocha.

Mimi hapo naandika "alinusurika" na naweka jina la ambaye hakunusurika. Wanahabari waliotokea Kenya waliouawa na umati Mogadishu Julai 1993, Hos Maina na Anthony Macharia na Dan Eldon, pamoja na mwenzao Mjerumani Hansi Krauss, hakuna aliyewahi kuniletea habari yenye charm juu yao.

Kuna na ile charm ya vita yenyewe, ule mvuto unaomrudisha mwandishi kule hata mke amekasirika na watoto hawamjui. Hiyo niite uraibu tu, maana ndo ilivyo. Nimekaa na wenye nao, wanakunywa chai mikono inatetemeka wanaulizia ndege ya Bunia.

Kwa hiyo ile habari yako yenye hirizi tatu, nimeiona, ulinitumia picha. Ya kwanza, ile ya shingo ya mpiganaji, piga simu kwa mwandishi wenu aliyeko Uvira muulize kilikuwa nini, kama ni kijifuko cha ngozi kilichoshonwa chenye maandishi basi hirizi inabaki, kama ni kamba na kichupa andika kamba na kichupa, akisema mwenyewe ni dawa andika dawa. Ya pili ni kamanda, hiyo ifute, weka alichofanya. Ya tatu umeandika waasi "wametumia hirizi kwa wananchi", hapo ndo mhariri alipocheka na hata mimi nimecheka kidogo, samahani, andika wamejikosha.

Na ukipata nafasi ya kwenda Nyarugusu nenda, ni mwendo mrefu lakini nenda, mashariki ya Congo utaisikia vizuri zaidi pale kuliko kwenye hizo karatasi zenu. Ukifika usikimbilie kumpa mtu mkono, subiri yeye aanze. Yule bwana wangu wa chale, tulipomaliza kipindi siku ya tatu nikasimama kuaga, mikono yangu nimeiweka nyuma makusudi, akaniangalia, akacheka, akanipa kiwiko.